Bafu la El Cajon: shajara ya ukarabati, Februari hadi Julai 2025

8 Februari

Leo asubuhi mguu wa mke wangu umezama sakafuni, pembeni ya beseni la kuogea. Si sana, kama inchi mbili, lakini ubao ulibonyea kama mkate uliochovywa chai. Nyumba hii, hapa El Cajon, California, ni ya 1958. Tulipoinunua tulijua bafu lina deni lake na siku moja litakuja kulidai. Limekuja.

Tuna dola 26,000 tulizoweka pembeni. Kila kitu nitakiandika humu, na sababu naijua mwenyewe. Mwaka 2016 niliezeka nyumba Goba, Dar es Salaam, nikiwa huku, kwa njia ya simu. Fundi aliomba hela ya mabati yote kwa mkupuo, nikatuma. Yalifika nusu. Kila nikipiga simu yuko "njiani kaka, kesho asubuhi na mapema". Kesho hiyo ilichukua miezi saba. Mkataba sina, risiti sina, nina picha tatu za WhatsApp na jina moja lisilo na ukoo. Tanzania tuna Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa sheria ya 1997, ila kijumba cha mtu wa kawaida hujengwa na fundi wa mtaani, na huyo humjui kwa namba ya usajili. Unamjua kwa shangazi aliyekuelekeza.

11 Februari

Mkandarasi wa kwanza amekuja kupima. Mcheshi, ana gari jipya lenye maandishi ubavuni. Bei: dola 14,500, nusu kabla ya kuanza. Akaongeza kwamba itakuwa "rahisi zaidi" kibali cha ujenzi nikichukua mimi kwa jina langu, kama mwenye nyumba anayejijengea.

Alipoondoka nikaingia kwenye tovuti ya Contractors State License Board, bodi ya jimbo la California inayotoa leseni za makandarasi tangu 1929. Watu wa hapa wanaiita CSLB tu. Unaandika namba iliyo kwenye kadi, inakuletea kila kitu: leseni ni ya kazi gani, iko hai au imesimamishwa, dhamana ipo, bima ya wafanyakazi ipo. Namba ya yule bwana ipo, na iko hai. Ila ni C-33. Hiyo ni leseni ya kupaka rangi. Bafu langu linataka bomba, umeme, mbao na vigae. Kwa kazi yenye fani nyingi namna hii unatafuta mwenye leseni ya B, ya ujenzi wa jumla, au B-2 ya ukarabati wa nyumba za kuishi.

Na ile nusu? Sheria ya hapa ni fupi na haina huruma. Malipo ya awali ya ukarabati wa nyumba hayazidi dola 1,000 au asilimia 10 ya bei, chukua iliyo ndogo. Anayedai zaidi ametenda kosa la jinai, isipokuwa wachache walioweka dhamana maalumu ya kumlinda mteja kwa kazi nzima. Niliposoma nikakaa kimya. Ningekuwa na kifungu hicho Goba, mabati yangefika yote.

Hila ya kibali nayo nimeielewa usiku. Ukikichukua wewe, wewe ndiye mjenzi machoni pa serikali, na anayefanya kazi humo anaweza kuhesabiwa mwajiriwa wako. Akiteguka mgongo, kesi ni yako.

(Wenzetu wa kanisani wenye ndugu Altadena, kule kulikoungua Januari, wanasema mtaa umejaa magari ya "makandarasi" wa kila rangi. Katika eneo lililotangazwa la maafa, kufanya kazi bila leseni kunaweza kushtakiwa kama kosa kubwa la jinai. Sheria inajua mwizi huvizia wapi.)

15 Februari

Hii ndiyo siku ngumu.

Kuna mzee wetu mmoja, mtu wa Uvira, Kongo, sote tunamwita Papa. Ameweka vigae zaidi ya miaka ishirini, Uvira na Bujumbura, na sakafu aliyoweka kwa jirani yake nimeiona: ukidondosha gololi haijui iende upande gani. Amekuja, akapiga magoti, akagusa ubao, akanusa. "Ndugu, maji imeingia zamani hapa. Unipatie elfu sita, vifaa ununue wewe, mimi namaliza wiki tatu."

Elfu sita. Na kazi ningeipenda kuliko ya yeyote mwenye kadi.

Leseni hana. Asiye na leseni anaruhusiwa kazi isiyofika dola 1,000, vifaa na ujira pamoja, tangu tarehe 1 Januari mwaka huu. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa dola 500. Nayo iwe kazi isiyohitaji kibali, na asiwe na msaidizi wa kulipwa. Kuikata kazi kubwa vipandevipande ili kila kipande kiwe chini ya elfu moja hairuhusiwi, wameliona hilo zamani.

Kilichoniuma zaidi ni upande wa pili. Nikimpa kazi Papa kisha nisimlipe, hawezi kunishtaki. Asiye na leseni hana mlango mahakamani wa kudai ujira wake. Zaidi ya hapo, mimi ningeweza kumshtaki anirudishie hata nilichokwisha kumlipa, hata kama kazi ni safi. Kisu hiki wamekinoa kwa ajili ya matapeli, lakini kimelazwa mezani kati yangu na mzee anayenisalimia kwa mikono miwili. Sikukitaka mkononi mwangu.

Nilimweleza ukweli. Alisikiliza, akasema, "Basi hiyo leseni, inatafutwa namna gani?" Tukasoma pamoja kwenye simu: uzoefu wa miaka minne kwa kiwango cha fundi kamili, ndani ya miaka kumi iliyopita, athibitishe kwa sahihi mtu aliyekuona ukifanya kazi, mitihani, alama za vidole, dhamana ya dola 25,000. Asiye na namba ya hifadhi ya jamii anaweza kutumia namba ya mlipakodi, hilo si kizuizi. Kizuizi ni ile miaka kumi. Papa ameingia Marekani 2017, na tangu hapo amekuwa akisafisha wodi za hospitali usiku. Ile miaka ishirini yote iko nyuma ya mstari, na wengi wa waliomwona akifanya kazi hajui hata wako wapi sasa.

Akanywa chai, akaenda.

22 Februari

Nimesaini na mkandarasi wa tatu. (Wa pili alichelewa kwa muda wa saa tatu na hakuleta makadirio, simwandiki.) Ni mama wa makamo mwenye leseni ya B na wafanyakazi wanne, bima yao inaonekana kwenye ukurasa wa bodi. Bei: dola 21,800. Ghali kuliko wote.

Mkataba una kurasa kumi na moja, nami nimezisoma zote kwa kalamu. Tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kazi yenyewe, hadi aina ya bomba. Malipo yameandikwa kwa dola, si kwa "tutaona": 1,000 leo, 5,000 mkaguzi akipitisha mabomba na nyaya, 6,000 kuta zikifungwa na kizuia maji kikipakwa, 6,000 vigae vikiisha, 3,800 mwisho kabisa. Asilimia 10 ingekuwa 2,180, lakini iliyo ndogo ni ile elfu moja, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika kabla sijafungua mdomo. Kanuni ya malipo yanayofuata ni hiyohiyo: mkandarasi asichukue hela inayozidi thamani ya kazi iliyokwisha kufanyika au vifaa vilivyokwisha kufika.

Jambo moja linawapotosha wengi, nami limenipotosha hadi leo. Dhamana ya dola 25,000 si ya kwangu peke yangu. Ni ya leseni yake nzima, na wote wenye madai halali dhidi yake wanagawana humohumo. Akiharibu nyumba tatu, sote watatu tunachovya chungu kimoja. Ndiyo maana nashikilia ratiba ya malipo kuliko dhamana. Hela ambayo haijatoka mfukoni mwangu haihitaji kesi kurudi.

Nina siku tatu za kazi za kubadili mawazo bila kulipa faini, na wenye umri wa miaka 65 na kuendelea wana tano. Kwa kuwa leo ni Jumamosi na Jumapili haihesabiwi, mwisho wangu ni Jumatano usiku wa manane. Mama Mkandarasi amesema kabla ya hapo hatanunua hata msumari.

17 Machi

Kibali kimetoka, kwa jina lake. Mengine hakuna.

25 Machi

Wamebomoa jana. Chini ya linoliamu kulikuwa na vigae vya zamani vya inchi tisa, vile vidogo vyeusi. Msimamizi akasimamisha kazi papo hapo: vipimwe asbesto, zile nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Vimekutwa nayo. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 pia inachukuliwa kuwa na rangi yenye madini ya risasi mpaka ipimwe, kwa hiyo mlango wa bafu sasa umefungwa nailoni kama chumba cha upasuaji, na mwanangu wa mwisho anadhani tumefuga jini.

Kuondoa asbesto, na mtaalamu wake: dola 1,900. Ubao mpya wa chini, maana ule ulioza hadi kwenye mihimili: dola 1,150. Mabadiliko yote mawili yameandikwa na kusainiwa na pande zote mbili kabla ya kazi kufanyika. Jumla sasa ni 24,850. Mke wangu amefuta safari ya Desemba kwenye kalenda bila kusema neno.

2 Aprili

Barua ya rejesta. Duka la vifaa vya mabomba, ambalo sijawahi kukanyaga, linanijulisha kwamba limepeleka vifaa kwenye nyumba yangu na kwamba lisipolipwa linaweza kuweka zuio juu ya nyumba. Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Nikapiga simu kwa sauti ambayo sijivunii.

Mama Mkandarasi akacheka. Akasema, "Subiri, zitakuja mbili zaidi."

Nimetumia jioni nzima kuielewa, na nafikiri ndiyo sehemu ambayo ndugu zetu wengi wenye nyumba huku hawaijui hadi iwaume. California, yeyote aliyetia jasho au vifaa kwenye nyumba yako asipolipwa, anaweza kuandikisha deni lake kwenye hati ya nyumba. Mimi naliita zuio la fundi. Mzizi wake umo katika Katiba ya jimbo ya 1879, hauko kwenye kanuni ndogo. Uchungu uko hapa: wewe umemlipa mkandarasi hadi senti ya mwisho, una hundi, una risiti. Yeye hakulilipa duka. Duka halina mkataba na wewe, lakini linakufuata wewe, kwa sababu nyumba haikimbii. Ndivyo mtu anavyolipia bomba lilelile mara mbili.

Barua yenyewe basi si zuio. Ni kupiga hodi. Asiye na mkataba wa moja kwa moja na mwenye nyumba anatakiwa kupiga hodi hiyo ndani ya siku 20 tangu alete vifaa au aanze kazi. Akichelewa anapoteza haki ya vile vya nyuma. Vibarua wa mshahara ndio wasiolazimika kuandika. Kwa hiyo barua ni orodha ya bure ya watu ninaopaswa kuhakikisha wamelipwa. Nimeitundika kwenye friji.

Kuanzia leo kila hundi inatoka mkononi mwangu ikibadilishana na karatasi ya kuachia zuio, ya mkandarasi na ya duka. Ziko za aina mbili kwa kila hatua. Moja inasema "naachia haki yangu hundi hii ikipita benki", nyingine "nimelipwa, naachia". Ya kwanza naipokea siku ya kutoa hundi, ya pili naidai hundi ikishapita. Duka lenye deni kubwa nimeliandikia hundi yenye majina mawili, la mkandarasi na la duka, wakaisaini wote.

12 Aprili

Mdogo wangu amepiga kutoka Houston. Nyumba yake mpya, ya miaka mitatu, sakafu ya zege imepasuka. Udongo wa mfinyanzi wa kule unavimba mvua ikinyesha na kusinyaa jua likiwaka. Akauliza, "Bro, hiyo bodi yenu nimpelekee nani huku?"

Hakuna. Texas, fundi bomba na fundi umeme wana leseni za jimbo, lakini anayejenga nyumba nzima hahitaji leseni yoyote ya jimbo. Waliwahi kuwa na chombo, nacho kina kisa cha kufunza kuliko kutokuwa nacho. Mwaka 2003 Bunge la Texas liliunda Texas Residential Construction Commission. Wajenzi walijiandikisha humo, na mwenye nyumba mwenye malalamiko alilazimika kupitia ukaguzi wa chombo hicho kwanza, na kuulipia ada, ndipo aone mlango wa mahakama. Wenye nyumba wakalalamika kwamba ni ukuta uliojengwa kuwakinga wajenzi. Mwaka 2008 wakaguzi wa serikali yenyewe walipendekeza kifutwe, na 2009 Bunge likakiacha kife. Kilikuwa na ofisi, kilikuwa na nembo, kilikuwa na rejista. Nadhani tofauti na ya huku ni kwamba hakikugusa hela ilipo wakati kazi inaendelea, kilisubiri nyufa.

Sasa yeye anatakiwa kumwandikia mjenzi notisi siku 60 kabla ya kushtaki. Nimemsaidia kuandika, kwa kupiga picha kila ufa ukiwa na rula pembeni. Angekuwa California, nyumba mpya ina sheria yake ya 2002 inayotaja kasoro moja moja, na kwa baadhi ya kasoro zilizojificha kikomo ni miaka kumi.

26 Aprili

Muweka vigae wa Mama Mkandarasi amehamia Arizona. Mama analalamika mbele yangu, hana mtu. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya sakafu ya jirani yake Papa. Akaivuta kwa vidole ikawa kubwa, akatazama pembe. "Ana leseni?" Hana. "Simhitaji awe nayo. Nitamwajiri mimi."

Jambo lilikuwa mbele ya macho yangu miezi miwili. Mwajiriwa wa mwenye leseni hahitaji leseni yake mwenyewe. Anaanza keshokutwa.

7 Mei

Mkaguzi amekataa. Sakafu ya bafu ya kuogea walijaza maji jana, asubuhi yameshuka. Inavuja pembeni ya bomba la kutolea maji. Si kazi ya Papa, ni ya kijana mwingine. Watafumua, watarudia. Siku tisa zitapotea, malipo ya 6,000 hayajaiva, na hakuna aliyeyaomba.

29 Mei

Mama Mkandarasi ameomba mengine. Mlango wa kioo na kabati la sinki vinahitaji kuagizwa, kaniomba dola 3,000 leo, tutapunguza kwenye malipo ya mwisho. Amekuwa mwema miezi mitatu. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitabu cha hundi, maana kwetu kumkatalia mtu mwema usoni ni kama kumtukana. Nikaona haya kweli.

Nikamwambia siwezi kulipa kitu ambacho hakijafika. Akanyamaza. Nikasema ninaweza kulipia dukani moja kwa moja, kwa kadi yangu, risiti iandikwe anwani ya nyumba, na tusaini badiliko la mkataba. Akatazama nje kidogo. "Uko sahihi," akasema. "Mwezi huu umekuwa mbaya kwangu." Sikuuliza zaidi. Tukaenda dukani kwa gari lake.

20 Juni

Ukaguzi wa mwisho umepita. Vigae ni vya kijivu, Papa amevipanga hivi kwamba mistari ya ukutani inateremka na kuungana na ya sakafuni bila kukosea hata milimita. Mke wangu amekaa ukingoni mwa beseni nusu saa, taa ikiwa imezimwa, ananiambia nimwache.

27 Juni

Nimesajili kaunti taarifa ya kukamilika kwa kazi. Ina siku 15 tu tangu kazi iishe, na wenye nyumba wengi hawaisajili kwa sababu hakuna anayewalazimisha. Bila hiyo, wote wana siku 90 za kuandikisha zuio. Ukiisajili, mkandarasi anabaki na 60 na maduka 30. Malipo ya mwisho nimetoa leo: hundi huku, karatasi ya kuachia huku. Barua tatu za kwenye friji nimezichora mstari.

28 Julai

Siku ya 31. Nimeangalia rekodi za kaunti: hati yetu ni safi. Na Mama Mkandarasi, ambaye kisheria bado ana siku zake, ameshaleta ile karatasi ya pili yenye sahihi.

Jioni Papa amekuja na bahasha. Ndani kuna hati yake ya kwanza ya mshahara, imekunjwa mara nne. Anataka nakala mbili. Nikamuuliza za nini. Akasema moja atamtumia dada yake Bujumbura, na nyingine niiweke kwangu, kwenye hili faili la bafu, hadi tarehe 28 Aprili 2029, ile miaka minne ya leseni ikitimia.

Nimeitoboa matundu na kuiweka nyuma ya mkataba.